Kiko cha mtumba: kuanzia ukoko mpaka alama ya tembo

Tangu niseme nasafisha viko vya watu, maswali yamekuwa mengi kuliko viko vyenyewe, kwa hiyo leo najibu kwa mkupuo. Tukubaliane majina kwanza. Kichwa ni pale tumbaku inapokaa, shingo ni ile mbao inayotokea kwenye kichwa, na mdomo ni kile kipande cheusi unachouma.

Fundi, nimeokota kiko cha mbao kwenye mtumba hapa Moshi, ndani kuna kitu cheusi kigumu kama ukoko wa wali, kidole hata hakipiti. Nikwangue wote?

Ni ukoko kweli kaka, huna haja ya kutafuta jina lingine. Masizi ya tumbaku yanaganda safu juu ya safu, na mvutaji anautaka kidogo, kama milimita moja hivi, maana unakinga mbao isiungue. Ukizidi ndo shida, ukipata moto unatanuka tofauti na mbao, siku moja unasikia ta! kichwa kina ufa. Kwa kiko cha mtumba mimi huwa nautoa karibu wote mpaka nione mbao, kwa sababu ufa na sehemu zilizoungua zinajificha humo humo, na muuzaji hatakwambia.

Weka kisu pembeni. Kisu chenye ncha kinachimba shimo kwenye kitako, na kitako kikishatoboka ndo basi. Chukua msasa namba 80, uzungushie kwenye kalamu nene, zungusha taratibu, kung'uta unga, zungusha tena. Ukifika karibu na mbao hamia 220. Saa nzima inaweza kuisha na ni sawa tu.

Halafu kwa vile uko Moshi, jua kwamba mbao ya viko vizuri ni kile kifundo kinachokua kwenye mizizi ya mti unaoitwa Erica arborea, wa nchi za pwani ya Mediterania, na mti huo huo unaota pia kule juu Kilimanjaro. Usiende kuchimba lakini, ile ni hifadhi.

Harufu ya mwenyewe wa zamani haitoki, nimeacha juani wiki nzima. Jirani anasema nijaze gongo. Ni kweli?

Jirani ana nusu ya ukweli, alkoholi ndo dawa ila siyo hiyo. Gongo hujui kilichomo, na spiriti ya bluu nayo iache kwa sababu mara nyingi inatiwa methanoli, sumu, na hiki ni kitu kinachoenda mdomoni. Konyagi basi? Asilimia 35 tu, yani zaidi ya nusu ni maji, na maji yanavimbisha mbao. Nenda kwa fundi simu muulize ile alkoholi ya kusafishia bodi, isopropili, ya asilimia 99 ukiipata. Inakauka yote, haibaki.

Anza na shingo. Kuna vijiti vya waya vyenye manyoya maalum kwa viko, visipopatikana tumia pamba uliyoizungushia waya mwembamba (vile vya rangi rangi vinavyouzwa stationery kwa watoto wa chekechea ni vya nailoni, havinyonyi kitu). Pitisha, toa, tupa, pitisha kingine. Vya kwanza vinatoka vyeusi kama lami, usishtuke. Vikianza kutoka vyeupe, chomoa mdomo uweke pembeni, jaza pamba kwenye kichwa, ziba tundu la shingo, halafu dondoshea alkoholi mpaka pamba ilowe na uache usiku kucha. Asubuhi pamba itakuwa kahawia kama chai ya rangi, na hiyo ndo harufu yenyewe imehamia kwenye pamba. Harufu ikibaki rudia. Wengine wanatumia chumvi badala ya pamba, nami nilikuwa nafanya hivyo, ila chumvi ikiingia kwenye shingo kuitoa ni kazi, na nimeona mbao zimepasuka baada yake. Kausha siku 3 au 4 kivulini. Juani hapana, mdomo hasa, na sababu yake inakuja kwenye swali linalofuata.

Mdomo wa kiko changu umegeuka kahawia yenye ukijani na una ladha ya mpira uliooza. Ninunue mwingine?

Usinunue. Huo ni ebonaiti, mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu, na jua na hewa vinaivuta salfa ije juu, ndo hiyo rangi na ndo hiyo ladha. Kama ungekuwa akriliki, yani plastiki ngumu, ungebaki unang'aa miaka yote, japo wenyewe wanasema ebonaiti ni laini zaidi kwa meno.

Dawa yake ni msasa wa maji. Namba 400 mpaka ile kahawia iishe, halafu 600, 1000, 2000, kila mara unalowesha, mwisho dawa ya meno na kitambaa, na mafuta kidogo. Sehemu inayokutana na mbao usiiguse ikiwa peke yake, kingo zake zitalika na kiko kitakuwa na ngazi pale kwenye maungio. Chomeka mdomo kwenye shingo, funika mbao kwa selotepu, piga msasa vyote vikiwa pamoja. Alama za meno? Chovya sehemu hiyo kwenye maji ya moto sana, ebonaiti inakumbuka umbo lake la mwanzo na vishimo vingi vinapanda vyenyewe. Angalia tu usiipinde ikiwa laini.

Na nembo, jamani nembo! Kiko changu cha kwanza kilikuwa na tembo mdogo kwenye mdomo, nikapiga msasa kwa furaha nikiangalia tivii, nikimaliza mdomo unang'aa kama kioo na tembo hayupo. Mpaka leo sijamsamehe yule kijana niliyekuwa. Kwenye nembo pita kwa dawa ya meno tu, msasa uishie mbali.

Shikamoo. Babu alituachia kiko chenye tembo, ni kizito kidogo, ndani siyo mbao, ni kama jiwe jeupe lililochoka. Nikisafishe kwa alkoholi kama ulivyosema?

Marahaba dada, na hapana! Bahati umeuliza kwanza. Hicho inaelekea ni kiko cha hapa hapa nyumbani. Kulikuwa na kampuni Arusha, Tanganyika Meerschaum Corporation, ilitengeneza viko kwa jiwe la mershamu kutoka bonde la Amboseli, huku kwetu likichimbwa Sinya, Longido. Viko vyake vinavyojulikana zaidi viliitwa tu Kiko, alama yake tembo, na vingi viliuzwa Ulaya na Marekani, kwa hiyo Mzungu ananunua "Kiko" akidhani ni jina la ajabu kumbe ni neno la kawaida tu la nyumbani.

Sasa mershamu ni jiwe laini lenye vitundu vidogo vidogo linalonyonya kila kitu, ndo maana lilipendwa, linakunywa unyevu wa moshi. Likinywa maji au alkoholi linalegea. Wala halitaki ukoko hata kidogo. Kwangua kwa msasa laini namba 400, kwa mkono mwepesi mno, ukifika kwenye jiwe acha. Halafu futa na kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa mpaka kikawa karibu kikavu. Usijaribu kulirudisha jeupe. Ile rangi ya asali ni ya mikono na moshi wa babu yako, wanaokusanya viko wanailipia. Kama nje kimevaa ngozi, ipake mafuta ya ngozi kidogo tu, isivuje ndani.

Cha gunzi la hindi je?

Kuna kampuni Missouri, Marekani, inavitengeneza tangu 1869, na ni bei rahisi. Likinuka tupa. Gunzi likilowa limekwisha.

Mdomo umegoma kutoka, nivute na plaisi?

Plaisi rudisha kwenye boksi. Weka kiko chote kwenye friza nusu saa, ebonaiti inasinyaa kuliko mbao, kisha zungusha taratibu ukivuta. Ukigoma rudisha nusu saa nyingine. Na ukishavuta tumbaku usichomoe mdomo kiko kikiwa cha moto, hapo ndo shingo nyingi zinapopasuka.

Kwani wewe fundi unavuta?

Niliacha. Kiko kinaleta saratani ya mdomo kama tumbaku nyingine zote, hata usipomeza moshi. Viko vyangu vipo kabatini vinang'aa.

Nimemaliza, nipake vanishi?

Usipake, vanishi ikipata joto inababuka. Polishi ya viatu pia hapana. Tafuta nta ya kanauba, ile ya majani ya mti wa Brazil wa jamii ya mchikichi, inayeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu kwa hiyo joto la mkono haliisumbui. Nta ya nyuki peke yake inanata. Na ile weusi ya juu kwenye ukingo wa kichwa, kabla ya kufikiria msasa, jaribu mate na kitambaa cha pamba. Mate yako mwenyewe, ndiyo.