Ripoti ya uendelevu "inayojitoa yenyewe"

Swali: Kampuni yetu imenunua mfumo wa kidijitali unaokusanya takwimu za umeme, mafuta, maji na taka. Muuzaji anasema ripoti ya uendelevu sasa itajitoa yenyewe, na mkaguzi wa ndani hana haja ya kuipitia. Bodi imefurahi. Mimi mhasibu nina wasiwasi. Je, nakosea?

Jibu: Hukosei. Mfumo utawafaa, maana bili hazitapotea tena kwenye barua pepe za watu, na mwezi ukirukwa utaonekana mara moja.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba namba ikishatoka kwenye kompyuta, imehakikiwa. Imehifadhiwa tu. Umeme mnaousoma kwenye mita ni kipimo. Lakini gesi joto za wasambazaji wenu, sehemu ya zile ziitwazo Wigo wa 3 kwa kuwa hutoka nje ya kampuni yenyewe, mara nyingi hukadiriwa kwa kuzidisha fedha mlizolipa kwa kigezo cha wastani cha sekta, yaani gesi inayokisiwa kutolewa kwa kila shilingi inayolipwa. Bei ikipanda, hewa ukaa nayo "inapanda". Mkipewa punguzo, mnaonekana mmetunza mazingira! Dashibodi ya mfumo haitawaambia namba ipi ni kipimo na ipi ni makadirio. Kiwango cha kimataifa cha kuripoti masuala ya tabianchi, IFRS S2, kilichotolewa Juni 2023, kinataka kampuni ieleze mbinu ilizotumia kupima, na pia ni chombo gani au mtu gani anayesimamia hatari za tabianchi. Muuzaji wenu hayumo.

Mwulize: takwimu ikishaingizwa, nani anaweza kuibadilisha, na je, thamani ya zamani inabaki pamoja na jina na saa? Akianza kukuonyesha michoro, msilipe awamu inayofuata.

Wauzaji wa njia za mkato wamejaa, na bodi zinawapenda kwa sababu wanaziondolea kazi ya kuuliza. Mwaka 2015 ilibainika kuwa programu ndani ya magari ya dizeli ya Volkswagen ilitambua gari linapopimwa, ikapunguza moshi wakati huo tu. Teknolojia haikuwa na hitilafu, ilifanya ilichoagizwa. Huko Uingereza, mfumo wa uhasibu wa Posta uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo, na mamia ya wasimamizi wa matawi wakatiwa hatiani huku wakubwa wakiiamini kompyuta.

Kwa hiyo mkaguzi wa ndani abaki. Kabla ya kila ripoti achague tarakimu kadhaa, azifuate hadi kwenye bili au mita. Asikoona bili wala mita, tarakimu hiyo iandikwe wazi kuwa ni makadirio.