Mkono kuvimba baada ya kutolewa titi: fizio inasaidia, ila kwanza mjue maumivu yanatoka wapi

Mleta mada pole sana na mpe pole mama. Nimesoma ulivyoeleza, mama katolewa titi la kushoto na tezi za kwapani, akapigwa mionzi, sasa mkono umejaa mpaka pete haitoki na usiku hapati usingizi kwa maumivu, hospitali wamemwandikia fizio, yaani tiba ya viungo, ambayo kwa mkono kama huu ni masaji, bandeji na mazoezi, lakini nyumbani mnabishana, shangazi anataka apelekwe kwa mama mmoja anayechua na mafuta ya moto, na mnajiuliza kama aache biashara yake ya maandazi. Mimi nina mkono wa hivyo hivyo, wangu wa kulia, na ni fundi cherehani kwa hiyo huo mkono ndo unaonilisha. Ntakujibu kwa ninavyoishi nao na kwa niliyofundishwa na mtu wangu wa fizio, daktari wa mama ndo atasema lipi linamfaa mama.

Kwanza mjue mnapambana na kitu gani. Kuna maji yanatoka kwenye nyama za mwili yanarudi kwenye damu kupitia mishipa yake yenyewe, yanaitwa limfu, na zile tezi za kwapani ni vituo vyake vya kuchujia. Zikitolewa, alafu mionzi ikakakamaza njia zilizobaki, maji yanakosa pa kupita yanabaki mkononi. Haimpati kila mtu, waliotolewa tezi za kwapa zima ni kama 20 hivi katika kila 100, waliotolewa moja mbili za kupima tu ni kama 5 au 6. Na inaweza kuchelewa, mtu anakaa hata miaka ndo mkono unaanza. Sasa hayo maji yana protini ndani, hapo ndo penye kazi, yakituama muda mrefu nyama chini ya ngozi inakuwa nene na ngumu. Mwanzoni ukibonyeza kwa kidole kishimo kinabaki, na mkono ukilala umeinuliwa kwenye mto asubuhi umepungua, huo ndo wakati mzuri wa kuanza. Ukisubiri mpaka ufike pa kutobonyea bado fizio inasaidia ila jasho litakuwa jingi. Ndo maana pia vile vidonge vya kukojoza ambavyo watu wanapeana mtaani havitibu huu uvimbe, vinatoa maji protini inabaki pale pale inayavuta tena.

Sasa maumivu, na hapa naomba usome taratibu maana ndo sababu nimeamua kuandika kirefu. Watu wengi wanadhani mkono unauma kwa sababu umevimba basi. Uvimbe wenyewe kwa kawaida unaleta uzito, kubanwa, mkono kuchoka kama umebeba ndoo siku nzima. Maumivu makali yanayomwamsha mtu usiku mara nyingi yana chanzo kingine pembeni, na kama hamjakijua mtafunga bandeji mpaka mchoke na mama ataendelea kulia. Kwangu mimi lilikuwa bega. Baada ya upasuaji unaogopa kuinua mkono, unaukumbatia kifuani, bega linakakamaa, na mionzi nayo inavuta misuli ya kifua mbele, basi ukilala upande wowote bega linawaka. Mtu wa fizio alinigundua kwa kuniambia tu niinue mikono yote miwili kama nafunga kilemba, mmoja ukafika mwingine ukagoma kwenye usawa wa sikio.

Chanzo kingine ni kamba. Mwambie mama ainue mkono pembeni, kwapa likiwa wazi, muangalie kwenye mwanga kama kuna kitu kimevutika chini ya ngozi kama uzi wa nailoni kutoka kwapani kushuka hadi kiwiko, kwa wengine hadi karibu na kifundo cha mkono. Hizo zinatokeaga wiki chache baada ya upasuaji, zinauma ukinyoosha mkono, na zinatisha watu wanadhani mishipa imekatika. Hazina ubaya huo, kwa kunyoosha taratibu na fizio nyingi zinalegea ndani ya miezi michache. Cha tatu ni neva, kuna neva ya ngozi inapita kwapani inahudumia upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, mara nyingi inakatwa au inaguswa wakati wa kutoa tezi, ndo unasikia ganzi, moto, kuchomwachomwa kama sindano, hata nguo ikigusa unaruka. Hiyo mazoezi peke yake hayaimalizi, na panadol haiigusi sana, mwambieni daktari waziwazi kwamba yanawaka au yanachoma, kuna dawa za neva kama amitriptilini wanaweza kumpa.

Alafu kuna yale ambayo hamngoji hata kesho. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na mama ana homa au anatetemeka, hayo ni maambukizi ya ngozi, hospitali siku hiyo hiyo apate antibayotiki, na masaji na bandeji vinasimama mpaka daktari aruhusu. Mkono ukivimba ghafla na kuuma sana inabidi waangalie damu kuganda. Na maumivu mapya yanayozidi wiki hadi wiki, mkono unapoteza nguvu au kuna kivimbe kipya shingoni au kwapani, arudi kwenye kliniki yake ya saratani wamcheki kabla ya fizio yoyote. Sisemi hivi kuwatisha, mtu wa fizio mwenye akili ndo maswali atakayoanza nayo, asipouliza mwambieni nyie.

Haya tuje kwenye fizio yenyewe. Mara ya kwanza mama atashangaa, atasema mbona huyu ananipapasa tu. Masaji ya limfu ni nyepesi sana, inasogeza ngozi tu, haiingii kwenye misuli, aliyeianzisha ni Emil Vodder, Mdenishi, miaka ya 1930 huko Ufaransa, na mpaka leo wengi wanafuata njia yake. Na haianzii kwenye mkono! Inaanza kwa kupumua kwa tumbo, pumzi ndefu, alafu shingoni, alafu kwapa la upande MZIMA, kisha kifua kutoka upande mgonjwa kwenda upande mzima, kisha ubavuni kushuka kwenye kinena, ndo baadaye sana bega, mkono wa juu, kiwiko, mwisho vidole. Ni kama foleni, ya mbele ikiondoka ndo ya nyuma inasogea, ukianza kusukuma kutoka mkononi utayapeleka wapi wakati juu kumejaa.

Ila kwa maoni yangu masaji inasifiwa kuliko inavyostahili. Ukitoka pale umejisikia vizuri, umelegea, lakini bila kubana mkono baada ya muda mfupi umerudi. Kazi kubwa iko kwenye bandeji na kusogeza mkono ukiwa ndani ya bandeji. Na bandeji sio zile za krepu unazofungwa ukiteguka mguu, zile zinavutika sana, zinakubana ukiwa umetulia na zinalegea ukifanya kazi, yaani kinyume na unachotaka. Kuna hospitali moja walinifunga hizo bila hata pamba ndani nikatoka na alama nyekundu kama kamba ya katani. Zinazotakiwa ni zisizovutika sana, ukikunja msuli unagonga kwenye bandeji inayogoma, huo mgongano ndo unasukuma maji.

Zinavyofungwa sasa: kwanza losheni kwenye ngozi, alafu soksi nyembamba ya pamba kutoka kwenye vidole hadi kwapani, alafu kila kidole kinafungwa kivyake na kibandeji chembamba, ncha za vidole zinabaki nje uone rangi yake. Juu yake pamba ya rola au sponji hasa kwenye kiwiko na mgongo wa kiganja, ndo zinafuata bandeji zenyewe kuanzia kiganjani, chini imebana kidogo zaidi na unavyopanda inalegea. Ikibana zaidi juu umeharibu. Vidole vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi, vina ganzi au vinachoma, fungua hapo hapo usisubiri mtu wa fizio. Hii awamu ya kwanza kwa kawaida ni karibu kila siku kwa wiki mbili hadi nne, nauli itawauma, lakini ikikatikatika matokeo yanakatika pia. Mkono ukishashuka na kutulia ndo anapimwa ile slivu ya kubana, kama soksi ndefu ya mkono, ya kuvaa mchana. Apimwe kweli, kifundo, katikati, kiwiko, juu, sio kukadiriwa kwa macho kama mtumba. Inaoshwa kwa sabuni ya kawaida bila jiki, inaanikwa kivulini, na baada ya kama miezi sita ikitumika kila siku mpira wake unakuwa umechoka inatakiwa nyingine. Kwa joto la Dar inakera, sikudanganyi, mimi naoga mchana nabadilisha, lazima awe na mbili.

Mnunulieni futi ya fundi. Mimi najipima mwenyewe jumapili asubuhi kabla ya chai, natia alama kwa kalamu kila sentimita 10 kuanzia kifundo cha mkono kupanda, mikono yote miwili, naandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja. Ukitofautiana na mzima kwa sentimita 2 au zaidi sehemu moja wengi wanahesabu hiyo ni uvimbe wa kushughulikiwa. Macho yanadanganya, futi haidanganyi, na ukienda na hilo daftari kliniki unasikilizwa vizuri zaidi kuliko ukisema umezidi kidogo.

Mazoezi hayana makubwa. Kutambaza vidole ukutani kupanda juu mpaka pale panapovuta, unakaa kidogo unashuka. Kulala chali umeshika mpini wa fagio kwa mikono yote miwili unaupeleka juu ya kichwa, mkono mzima unausaidia mgonjwa. Kukunja na kukunjua ngumi ukiwa na soksi iliyokunjwa kiganjani, ukiwa umefungwa bandeji au umevaa slivu. Kuvuta kupo, maumivu ya kuchoma hayatakiwi. Na ule ushauri wa zamani kwamba asibebe kitu chochote maisha yake yote umeshapitwa, mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake huko Marekani walitoa utafiti wa wanawake 141 wenye mikono kama yetu, waliobeba vyuma kwa kupanda pole pole chini ya usimamizi mikono haikuzidi kuvimba, na vipindi vya kuzidiwa vikapungua. Mimi nilianza na chupa ya maji ya nusu lita, na bega langu ndo lilipona hapo. Kwa hiyo maandazi asiache! Akande kidogo kidogo, unga mwingi amwachie mwingine, apumzike katikati auinue mkono, slivu avae na juu yake glovu, karai la mafuta ya moto ageuze kwa mkono mzima. Moto, visu, miiba ya samaki, hata kung'olewa vinyama vya kucha saluni, hivyo ndo vya kuogopa maana kakidonda kadogo kanaingiza bakteria. Sindano na kupimwa presha wengi tunatumia mkono mwingine, ni sawa, lakini kama ilitokea wakapima huo huo msikeshe mnalia, watafiti wa hospitali ya Massachusetts General huko Marekani walitoa matokeo 2016 hawakuona uhusiano, walichokiona ni maambukizi ya ngozi, uzito wa mwili na kutolewa tezi zote.

Mtaani watasema ni matende. Matende ya kwetu pwani yanaletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, ndo ile tunagawiwa dawa za ivermectin na albendazole, ni ugonjwa mwingine ingawa kuosha ngozi, kuinua kiungo na mazoezi vinafanana. Dawa za minyoo hazitashusha mkono wa mama.

Sasa la shangazi. Mafuta ya moto na kukandwa kwa nguvu hapana kabisa, joto linaleta damu zaidi mkononi na kukandamiza kunaumiza vile vimishipa vichache vilivyobaki, na akiguswa na wembe kwa chale ndo mmefungua mlango wa maambukizi. Lakini msigombane nae, ana mikono na ana muda, vitu ambavyo hapo nyumbani vinahitajika. Mtu hawezi kujifunga bandeji vizuri kwa mkono mmoja, mimi nafungwa na binti yangu. Mpelekeni shangazi siku ya kwanza ya fizio akae pembeni ya kitanda aone mkono unavyoguswa, mwombeni mtu wa fizio amfundishe kufunga na amsimamie akifunga yeye mbele yake, na bandeji wakarudi nazo nyumbani.