Kumpata terapisti anayetuelewa hapa UK, jibu kwa dada wa kea

Dada kwanza pole, na pole tena na hizo shifti za usiku za kazi ya kea, kutunza wazee na wagonjwa. Umeuliza utampataje terapisti (mtaalamu wa kutibu kwa mazungumzo) mweusi, ikiwezekana anayejua Kiswahili, maana GP, daktari wako wa mtaani, kakuambia uende ukaongee na mtu na we unaogopa mambo matatu: watakulaza wodini kwa nguvu, viza ya kea itaharibika, halafu mkalimani ataenda kukutangaza kwenye harusi za Waswahili. Nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe maana naona wengine wamekuandikia "muombe Mungu tu", kuomba tutaomba ila hilo hukuuliza.

Ya wodi. Usikubali mtu akuambie unajitisha bure. Mwaka ulioishia Machi 2023 hapa England kulazwa kwa nguvu chini ya ile sheria ya afya ya akili ya 1983 (watu wanasema "kuseksheniwa") kulikuwa kama mara 228 kwa kila watu weusi 100,000, kwa wazungu ni 64. Na kuna yule kijana Olaseni Lewis, miaka 23, alifariki 2010 baada ya polisi kumkandamiza ndani ya hospitali ya akili huko London, familia yake ikapigana mpaka ikapatikana sheria ya 2018 ya kubana matumizi ya nguvu wodini, wengi wanaiita sheria ya Seni. Kwa hiyo hofu ina mizizi. Lakini huko unakotumwa wewe ni kwingine kabisa, ni kuongea tu na terapisti, na wanaokwenda ni watu wanaoamka wanaenda kazini wanarudi wanapika ila ndani kumeharibika. Kulazwa kwa nguvu kwa kawaida kunataka madaktari wawili na ofisa maalumu wakae wakubaliane. Fomu watakayokupa huko ya kupima sonona, inaitwa PHQ-9, swali la 9 linauliza kama wiki mbili zilizopita umewaza bora ufe au ujidhuru, na watu wetu wengi wanaweka sifuri hapo kwa woga hata kama si kweli. Weka ukweli dada. Watakuuliza zaidi, una mpango wowote, leo uko salama, nani yuko na wewe nyumbani. Kuwaza tu kwa kawaida hakumpeleki mtu wodini.

Viza: haihusiani. Viza ya kea hata ile tozo ya afya hulipi na NHS, huduma ya afya ya serikali, ni haki yako kama wengine. Unachoongea mle hakiendi kwa mwajiri, siri kwa kawaida inavunjwa pale maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, na wenyewe watakuambia hivyo siku ya kwanza.

Sasa pa kuanzia. NHS Talking Therapies, kabla ya 2023 ilikuwa inaitwa IAPT, huhitaji hata barua ya GP, unaingia mtandaoni unaweka postikodi unajaza mwenyewe. Mimi nilianzia hapo. Nikapewa binti wa kizungu, mpole kweli, tunaongea kwa simu nusu saa nusu saa. Shida yangu ilikuwa silali, kifua kinabana, nikiona simu ya Tanga inaingia moyo unaruka kabla sijapokea. Mimi ndio kifungua mimba, mzee alishatangulia, ada za wadogo, dawa za mama, bati za nyumba, vyote mlangoni kwangu. Yule binti akaniambia niweke mipaka, nijifunze kusema hapana, nijaribu mwezi mmoja nisitume hela tuone wasiwasi unashukaje. Nikamuuliza sasa huo mwezi wa majaribio mama atakula nini? Kimya.

Simlaumu sana, ndivyo alivyofundishwa. Ila nikaandika barua pepe kuomba nibadilishiwe, nikasema wazi nataka mtu aliyezoea familia zinazotegemeana. Hilo watu hawalijui, una haki ya kuomba kubadilishiwa na huna haja ya kujieleza kama mshtakiwa. Nilisubiri, sitakudanganya, foleni ipo. Nikapata mama mmoja wa Kihindi, wazazi wake walitoka Punjab, Kiswahili hajui hata salamu. Swali lake la kwanza likawa: kwenu mtoto wa kwanza akielemewa, nani anamshika mkono? Nikabaki namwangalia. Tangu mzee afariki hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, si huku si nyumbani. Basi kazi yetu ikawa hapo, si kukataa kutuma bali kutuma kwa utaratibu, tarehe moja, kiasi kinachojulikana, na mjomba akaombwa aitishe kikao cha familia kwenye WhatsApp ili wadogo zangu wawili wanaofanya kazi nao waingie, maana mimi nikisema ni uchoyo, mjomba akisema ni busara ya wazee. Usingizi ulianza kurudi hapo. Mbinu za kupumua na kuandika mawazo nazo alinipa na zinasaidia, ila zisingefika popote bila kile kikao.

Ndio maana nakuambia rangi peke yake haitoshi. Rafiki yangu mmoja alienda kwa terapisti mweusi wa kulipia, pauni 60 kwa saa, akakuta anahubiriwa. Anaambiwa nyumba yake ina mapepo, na jamaa ni Muislamu, swala tano! Hela kalipa na mahubiri juu. Lakini pia sisemi rangi si kitu. Kama kinachokuumiza ni yule mzee wa kea homu anayekataa usimguse na meneja anakuambia mpuuzie, mbele ya mtu mweusi hutatumia dakika 20 kuthibitisha kwamba kilitokea. Hayo yanachosha kuliko shifti yenyewe.

Kwa hiyo ukitaka mweusi au wa Asia, kuna BAATN, mtandao ulioanzishwa na Eugene Ellis 2003, wana orodha ya materapisti na wengi wanaonana na watu kwa video. Black Minds Matter UK, wa 2020, wanatoa vipindi bure na materapisti weusi, ila kuna nyakati orodha yao inafungwa kwa hiyo uwe unachungulia. Kama uko kaskazini mwa London jaribu Nafsiyat, alianzisha Jafar Kareem 1983, kazi yao ni hii hii ya tamaduni na wanatoa huduma kwa lugha zaidi ya 20, piga uulize Kiswahili sasa hivi kikoje. Kwa kulipia, uliza kama ana bei ya chini kwa kipato kidogo, wengi wanayo ila hawaitangazi. Na angalia yuko BACP au UKCP, vyama vya kitaaluma vya materapisti, maana hapa jina "terapisti" halilindwi na sheria, mtu yeyote anaweza kubandika mlangoni. "Clinical psychologist" (mwanasaikolojia wa tiba) ndio linalindwa, utamkuta kwenye rejista ya HCPC, chombo kinachosimamia fani hizo.

Kabla hujakubali, mpigie, wengi wanakupa dakika 15 bure. Muulize amewahi kufanya kazi na watu wanaotegemewa na ukoo? Nikikuambia nyumbani wanasema ni jicho baya, au nilisomewa kisomo nikapata nafuu, utafanya nini na hilo? Asicheke, na asijifanye anajua. Mzuri atakuuliza wewe unaonaje, wenzako wanaonaje. Hata Wamarekani kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili, DSM-5 cha 2013, waliweka maswali 16 ya namna hiyo, kwamba mgonjwa mwenyewe aseme tatizo lake ni nini na ndugu zake wangeliitaje, kwa hiyo huombi upendeleo.

Mkalimani: ni bure NHS, usimtumie mumeo wala mtoto. Omba wa simu, awe wa mji mwingine, mwanamke kama unataka, na taja Kiswahili cha Tanzania, maana wanaweza kukuletea wa Bukavu, mnaelewana lakini mambo ya ndani yanataka mtu usiyemkisia. Asijue jina lako la ukoo, unaweza kuomba utambulishwe kwake kwa jina la kwanza tu. Wamefungwa na siri kikazi, ila najua Waswahili wa hapa ni wachache na wote tunakutana futari moja.

Ukizidiwa usiku piga 111 ya NHS kisha 2, au Samaritans, watu wa kusikiliza wenye shida, 116 123, bure saa zote.

Hukusema uko mji gani. Kama ni Scotland au Wales, huo mlango wa Talking Therapies haupo, ni wa England tu, na kule unaweza kuanza na huyo huyo GP wako. Taja mji hapa, au nitumie inbox kama hutaki wajue.