Step 1 haina alama tena: je, nitaachwa nyuma kwenye nafasi za ubingwa Marekani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni daktari tarajali, niko Mwanza. Nimefaulu Step 1, yaani sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni wa Marekani, USMLE, lakini ripoti yangu inasema tu "amefaulu". Kaka mmoja aliyenitangulia chuoni aliufanya mwaka 2021, yake ina alama 245. Sote tunaomba ubingwa wa magonjwa ya ndani msimu huu. Atanipita kwa ajili ya hiyo namba? Na je, naweza kutuma maombi kwanza, Step 2 CK, ile sehemu ya pili, nikaifanya baadaye?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kukupotezea mwaka mzima: usitume maombi kabla alama ya Step 2 CK haijatoka.

Tangu tarehe 26 Januari 2022 Step 1 hutoa jibu la kufaulu au kufeli tu. Alama za waliotangulia hazikufutwa, ndiyo maana ya kaka yako bado inaonekana. Zamani programu, yaani hospitali inayofundisha ubingwa, yenye nafasi chache na maombi maelfu iliweka kizingiti cha Step 1, na aliyekuwa chini yake alichujwa barua zake hazijafunguliwa. Mtihani haukutungwa kwa kazi hiyo. Ulitungwa kuamua nani apewe leseni. Kwa hiyo kuondoa alama kulikuwa na haki yake. Ila maombi hayakupungua, na wachujaji wakahamia kwenye namba iliyobaki, ya Step 2 CK.

Kwetu tuliosoma nje ya Marekani mabadiliko haya yaliuma zaidi. Alama kubwa ya Step 1 ilikuwa inamsemea kijana wa Bugando au Muhimbili mbele ya mtu asiyekijua chuo chake. Sasa sauti hiyo imebaki kwenye mtihani mmoja, na ukishaufaulu huruhusiwi kuurudia ili uongeze alama. Ukipata 222, utaomba kazi na 222. Alama ya kufaulu nayo imepanda: 214 Julai 2022, kisha 218 Julai 2025. Kwa hiyo usiende kujaribu bahati. Fanya mitihani ya majaribio hadi alama zako zitulie.

Huyo kaka, 245 yake itamsaidia kiasi. Lakini akiwa na 228 kwenye Step 2 CK nawe una 252, programu nyingi zitakufungua wewe kwanza. Tena Step 2 CK inauliza mambo ya wodini: mgonjwa huyu ana homa na shingo imekakamaa, unaanza na nini? Hayo unayafanya kila zamu. Soma ukiwa tarajali, kabla hujayasahau.

Programu huanza kufungua maombi mwishoni mwa Septemba, na matokeo huweza kuchukua hadi wiki nne. Fanya mtihani Julai, au mapema Agosti ukichelewa sana. Halafu tumia vizuri ishara zako za kuonyesha nia, zile unazoambatisha kwenye maombi kuiambia programu kuwa unaitaka. Magonjwa ya ndani wanatoa 15, 3 za dhahabu, zenye uzito zaidi, na 12 za fedha. Za dhahabu zipeleke kwenye programu ambazo orodha ya madaktari wanaosomea ubingwa kwao sasa ina watu waliosoma nje ya Marekani, si kwenye majina makubwa.

Kama tarehe uliyopata ni ya Oktoba, omba msimu ujao.