Maswali ya Wasomaji: Kinachopita na Kinachobaki Ziwani

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wanafunzi na walimu wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria. Tumeona ni vyema kuzijibu kwa mifano ya ziwa hilohilo, badala ya kuazima mifano ya misitu na maziwa ya mbali ambayo wengi wetu hatutayaona. Maswali tumeyafupisha bila kubadili maana.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Musoma. Tumefundishwa kwamba katika mfumo wa ikolojia nishati hupita na virutubisho huzunguka. Sentensi hiyo nimeikariri na nimeiandika kwenye mtihani nikapata alama, lakini siielewi. Samaki akimla samaki mwenzake, si amechukua nishati na virutubisho kwa pamoja?

Marahaba mwanangu. Umegusa jambo ambalo wengi hulipita haraka, na kwa maoni yangu asiyelielewa atabaki akikariri mada nyingine zote za sayansi ya mazingira. Ni kweli kwamba nishati na virutubisho huingia mdomoni kwa pamoja. Vinaachana baadaye, ndani ya mwili.

Tuanze na nishati. Jua huangaza ziwa, na mwani hunasa sehemu ndogo sana ya mwanga huo kwa usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, na kuihifadhi katika sukari na mafuta. Vijidudu vinavyoelea majini hula mwani, dagaa hula vijidudu hivyo, na sangara humla dagaa. Katika kila hatua mlaji hutumia sehemu kubwa ya alichokula kwa kuogelea, kupumua na kutengeneza mayai, na nishati iliyotumika hivyo hugeuka kuwa joto linalopotelea majini na angani. Kitabu chako kinasema ni asilimia 10 tu inayofika hatua inayofuata. Ichukue kuwa ni makadirio, kwani vipimo halisi hupanda na kushuka kufuatana na kiumbe na mahali. Lililo la hakika ni kwamba hakuna kiumbe anayeweza kulikusanya joto lile na kuligeuza tena kuwa chakula, na ndiyo sababu ziwa huhitaji mwanga mpya kila siku, na ndiyo sababu pia haliwezi kuzalisha sangara kwa uzito uleule linaozalisha dagaa.

Sasa fuata chembe moja ya fosforasi, ambayo ni mojawapo ya virutubisho. Mto Mara unaingia ziwani karibu na mji wako. Kila mwaka, wakati wa kuhama, nyumbu wengi huzama wakivuka mto huo huko kaskazini mwa Serengeti na katika hifadhi ya Maasai Mara. Nyama yao huliwa na mamba, tai na samaki au huoza katika muda wa wiki chache, lakini mifupa hubaki chini ya maji ikiachia fosforasi polepole kwa miaka kadhaa. Chembe yetu ikishatoka mfupani inanaswa na mwani ulioota juu ya jiwe, mwani unaliwa na mdudu wa majini, mdudu analiwa na samaki, na samaki anaitoa tena kwa kinyesi. Maji yanaiteremsha hadi kwenye eneo la mafunjo lililo juu ya daraja la Kirumi, ambako mizizi inaweza kuifyonza na kuipandisha kwenye shina, ikae humo mpaka shina likauke, lianguke na kuoza. Bakteria na kuvu wanaoozesha shina hilo ndio wanaoifungua. Hatimaye inafika ziwani, inapita kwa mwani, kwa kijidudu, kwa dagaa, na pengine unaila wewe na ugali wa jioni.

Katika safari yote hiyo chembe haikupungua hata kidogo. Ilibadilisha wenyeji tu, ilhali nishati iliyokuwa katika mwili wa yule nyumbu ilikwisha zamani kama joto. Kwa hiyo, mtihani ukirudi, usiandike neno «hupita» na neno «huzunguka» ukaishia hapo. Eleza kwamba nishati huingia kama mwanga na kutoka kama joto, na kwamba kila kiasi chake hutumika mara moja, lakini fosforasi iliyoingia ziwani enzi za babu yako inaweza kuwa bado imo. Majibu yanayofuata yote yanategemea tofauti hiyo.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Kisumu. Nimewafundisha watoto kwamba mimea hutoa oksijeni. Mmoja akaniuliza: iweje basi magugu maji, ambayo ni mimea ya kijani kabisa, yasababishe samaki kufa kwa kukosa oksijeni? Sikuwa na jibu.

Mwalimu, mpongeze mtoto huyo, kwa sababu ameweka pamoja mambo mawili ya kweli akaona hayapatani. Jibu liko kwenye mahali pa jani. Majani ya gugu maji yamesimama juu ya uso wa maji, hivyo oksijeni yanayoitoa huingia hewani, si majini. Chini yake, blanketi la majani na mizizi huzuia mwanga usiufikie mwani na mimea iliyozama, ambayo ndiyo ingetoa oksijeni ndani ya maji, na huzuia pia upepo usiyavuruge maji na kuyachanganya na hewa. Kisha majani makuukuu hufa na kuzama, na bakteria wanaoyaozesha hutumia ile oksijeni kidogo iliyobaki.

Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 ulikuwa umefunika maelfu ya hekta, hasa kwenye ghuba zilizotulia kama Ghuba ya Winam hapo kwenu, ambako mitumbwi ilishindwa kutoka na kuingia. Kwa nini huko kwao haukuleta balaa la kiasi hiki? Kwa sababu huko uliishi pamoja na wadudu wanaoula, na huku ulifika peke yake. Hiyo ndiyo maana ya spishi vamizi: si kila mgeni, bali ni mgeni aliyefika bila wale waliomdhibiti, akastawi kwa madhara ya wenyeji.

Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa Uganda, na baadaye wa Kenya na Tanzania, waliachia ziwani aina mbili za fukusi kutoka huko magugu yalikotoka. Ukilichunguza jani lililoshambuliwa utaona mabaka madogo ya rangi ya udongo ambapo fukusi mkubwa amekwangua ngozi ya juu. Kazi kubwa zaidi haionekani, kwani viluwiluwi vyake hutoboa kikonyo na kushuka hadi kwenye kitovu cha mmea, maji yakaingia kwenye matundu hayo, mmea ukaoza na kuzama. Fukusi hao, wakisaidiwa na mawimbi na hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998, waliyapunguza magugu kwa kiasi kikubwa sana.

Hata hivyo magugu yamekuwa yakirudi. Mbegu zake huweza kukaa kwenye tope miaka mingi zikiwa hai, na muhimu zaidi, chakula chake hakijaondolewa. Maadamu naitrojeni na fosforasi zinaendelea kumiminika kutoka mashambani na kwenye mifereji ya maji taka ya miji, ghuba itaendelea kuotesha kitu, kama si gugu maji basi ni mwani. Jambo moja linanisikitisha kila ninapoliona: watu wanajitolea kwa moyo wote kuyavuna magugu, kisha wanayarundika palepale ufukweni. Yakioza, mvua inayarudisha ziwani yale yote waliyoyatoa. Yapelekeni mbali na maji, kwenye shimo la mboji au shambani, na hapo mtakuwa mmeondoa magugu pamoja na virutubisho vyake.

Naomba tofauti kati ya makazi ya kiumbe na nafasi yake katika ikolojia, kwa mfano rahisi. Msomaji, Sengerema.

Makazi ni mahali kiumbe anapoishi. Nafasi yake ni jinsi anavyoishi hapo: anakula nini, saa ngapi, kwenye kina gani, anazaliana vipi, na nani anamtegemea. Mfano bora zaidi unaogelea mlangoni kwako, nao ni furu.

Ziwa Victoria lilikuwa na spishi za furu zinazokadiriwa kuwa 500 au zaidi, nyingi zikiwa hazipatikani penginepo duniani. Makazi yao yalikuwa mamoja, lakini wapo waliokwangua mwani kwenye mawe, waliovunja konokono kwa mataya mazito, waliochuja vijidudu, waliokula samaki wadogo, na hata waliokuwa wakinyang'anya mayai na vifaranga kutoka vinywani mwa furu wengine, maana akina mama wa furu huwalea watoto wao kinywani. Nafasi zao zilipotofautiana, ndivyo walivyoweza kuishi pamoja kwa wingi huo.

Sangara aliletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi ya ajabu. Spishi nyingi za furu, pengine 200, hazikuonekana tena. Sitaki kuandika kana kwamba sangara ni hasara tupu, kwa kuwa viwanda vya minofu na biashara ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, vimelisha familia nyingi, na hata mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kutolewa, yana soko lake. Lakini athari zilienda mbali kuliko kula samaki wengine. Sangara ana mafuta mengi, hivyo hakauki vizuri juani kama furu na dagaa. Alihitaji kukaangwa au kukaushwa kwa moshi, kuni zikakatwa, udongo ulioachwa wazi ukamomonyoka kuingia ziwani, na pamoja na udongo ikaingia fosforasi.

Fosforasi hiyo ikazidisha mwani, na mwani ukatia maji giza. Hapa nakuomba uwatazame kwa karibu furu wawili wa visiwa vya miamba vya Ghuba ya Mwanza, wote wa jenasi ya Pundamilia. Dume wa *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ana mgongo mwekundu, na dume wa *Pundamilia pundamilia* ana rangi ya buluu. Majike wa spishi zote mbili wamefifia na wanafanana, na hutambua dume wa aina yao kwa rangi. Mwaka 1997 mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba penye maji meupe spishi hizo husimama mbalimbali, na penye maji machafu rangi hazionekani vizuri, majike hukosea, na spishi huanza kuchanganyika hadi kuwa kitu kimoja. Spishi inaweza kutoweka hivyo bila samaki hata mmoja kuliwa wala kuvuliwa, na sijui mfano unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mwanga, kemia ya maji na bioanuwai vilivyofungamana.

Mto Nile unatoka ziwani pale Jinja usiku na mchana. Kwa nini usiondoe uchafu wote wenyewe? Msomaji, Bukoba.

Kwa sababu ni maji machache yanayotokea hapo. Ziwa lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800 lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu. Ni kama sinia pana, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yake huingia kwa mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, na takribani asilimia 80 ya yanayotoka huondoka kama mvuke. Mvuke hauchukui fosforasi. Nile huiondoa sehemu yake, lakini ingehitaji zaidi ya nusu karne kutoa maji yenye ujazo sawa na wa ziwa zima, na wakati huo fosforasi nyingine inaendelea kuingia, tena si kwa mito peke yake: sehemu kubwa hudondoka kutoka angani, ikiwa ni vumbi la mashamba yaliyo wazi na majivu ya moto wa nyika. Iliyozama kwenye tope la chini nayo haijafungwa moja kwa moja, kwani oksijeni ikiisha kule kilindini tope huiachia tena ipande juu.

Sisi ni klabu ya mazingira ya shule, Ukerewe. Je, kuna kipimo cha kisayansi tunachoweza kufanya bila maabara?

Kipo, na ni kizuri. Tengenezeni sahani ya Secchi, inayopima jinsi maji yalivyo maangavu. Chukueni bati au ubao wa duara wenye kipenyo cha sentimita 20, gawanyeni uso wake robo nne na kuzipaka nyeupe na nyeusi kwa kupishana, ufungeni uzito kwa chini ili uzame ukiwa umelala sawa, na juu utieni kamba isiyovutika ikilowa, yenye alama kila sentimita 10. Mkiwa na mwalimu na mwenye mtumbwi, na kila mmoja amevaa jaketi la kujiokolea, ishusheni upande wa kivuli wa mtumbwi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Andikeni kina inapotoweka machoni, ipandisheni taratibu, andikeni kina inapoonekana tena, kisha chukueni wastani wa vina hivyo viwili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 sahani ya namna hiyo ilionekana hadi takribani mita tano kwenye maji ya wazi ya ziwa hili, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mara nyingi haikuvuka mita moja au mbili. Pimeni mahali palepale kila wiki, mkiandika tarehe, saa, upepo, na kama mvua ilinyesha siku zilizotangulia. Pimeni pia mbele ya ufukwe wenye mafunjo na mbele ya ufukwe uliofyekwa. Mkifikisha msimu mmoja wa masika na mmoja wa kiangazi, tuleteeni jedwali lenu, nasi tutalichapisha katika safu hii.