Omeprazoli kushindwa na ranitidini kwa panya: tatizo ni hayo maji

Mkuu, umesema uliwanywesha panya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, iliyokorogwa kwenye maji ya kawaida, ukafunga pilorasi (njia ya kutoka tumboni kwenda utumbo mwembamba), na baada ya saa 4 asidi ikawa karibu sawa na ya panya wasiopewa dawa. Ranitidini, dawa nyingine ya asidi, ikaishusha vizuri. Usiilaumu dawa, kosa hilo lilinipotezea kazi ya wiki nzima.

Omeprazoli haivumilii asidi. Tia unga wake kidogo kwenye asidi hidrokloriki hafifu uone: rangi inageuka mbele ya macho yako, zambarau, kisha kahawia. Ndicho kinachoipata tumboni mwa panya. Na ajabu ni kwamba dawa hiyohiyo inaihitaji asidi, ila si hapo. Inatakiwa ipite hadi utumbo mwembamba, iingie damuni, ifike kwenye seli zinazotoa asidi, igeuke humo ndipo ing'ang'anie pampu za protoni, zile zinazosukuma asidi tumboni, na haiziachii. Ikigeuka mapema imekwisha. Ranitidini yenyewe inaziba tu vipokezi vya histamini vya H2, vinavyopokea ishara ya kutoa asidi; ikiisha damuni, asidi inarudi.

Mimi sasa naikoroga kwenye sodiamu bikaboneti, pH 8 na kuendelea, muda uleule wa kuwanywesha. Kundi la kulinganishia nalo linywe bikaboneti hiyohiyo, maana peke yake inaua asidi. Hapa wengi wanajidanganya. Ukitaka kuepuka yote hayo, ingiza dawa moja kwa moja kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba.

Panya waliofungishwa kula wakae juu ya sakafu ya wavu, la sivyo watakula kinyesi chao.

Halafu usiishie kwenye pH. Kutoka 1 hadi 2 ukali umepungua mara 10, kwenye karatasi inaonekana namba moja tu. Pima ujazo wa juisi ya tumbo, titrisha kwa sodiamu haidroksaidi (idondoshe kidogo kidogo hadi asidi iishe) upate ukali wake, kisha zidisha ujazo kwa ukali huo. Hiyo ndiyo asidi aliyotoa panya.

Niliwahi kufurahia panya mmoja mwenye pH ya juu ajabu, hadi nilipoiangalia juisi yake kwenye mwanga: ilikuwa na ukijani. Fundo langu lililegea, nyongo ikarudi tumboni. Ukiona rangi hiyo, mtoe panya huyo kwenye hesabu, na uandike kwamba umemtoa.