Vyumba sita, mita moja: nadharia ipi ni ya kweli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma maendeleo ya jamii, mwaka wa kwanza. Tumefundishwa nadharia tatu za sosholojia: uamilifu, migogoro na mwingiliano wa kiishara. Tumetakiwa kuchagua moja na kueleza nayo jambo la mtaani. Nimechagua ugomvi wa umeme. Nyumba niliyopanga ina vyumba sita na mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kununua uniti kabla ya kutumia, na kila chumba kinachanga sawa. Mama wa chumba cha mbele ana friji, anauza barafu na maji baridi. Mimi nina taa moja na chaji ya simu. Uniti zikiisha ni maneno mpaka asubuhi. Mwenye nyumba anasema tumalizane wenyewe. Je, nadharia ipi ndiyo ya kweli?
Mwanafunzi, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekulia nyumba kama hiyo, Magomeni: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uani. Kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mimi na wenzangu tulikuwa na nadharia moja tu, ya migogoro. Karl Marx na Friedrich Engels, Wajerumani, walikuwa wameandika tangu 1848 kwamba historia ya jamii ni historia ya mapambano ya matabaka. Walter Rodney naye, aliyefundisha palepale Mlimani, alitoa kitabu mwaka 1972 akionyesha jinsi Ulaya ilivyojitajirisha kwa kuidumaza Afrika. Tuliona hakuna zaidi ya hapo. Nikaenda Tandale na dodoso langu kuuliza wapangaji wananyonywa vipi. Nikamkuta bibi mwenye nyumba ambaye hajadai kodi ya chumba kimoja miezi minne kwa sababu mtoto wa mpangaji anaumwa. Dodoso langu halikuwa na mahali pa kuliandika hilo. Nikaliruka. Mpaka leo linaniuma, maana pale ndipo palipokuwa na jambo la kujifunza.

Watu wa uamilifu wasingeliruka. Wao wanauliza: nini kinawafanya watu hawa waendelee kuishi pamoja? Émile Durkheim, Mfaransa, aliandika mwaka 1893 kwamba katika jamii za kisasa watu hawashikamanishwi na kufanana kwao. Wanashikamanishwa na kuhitajiana, kwa kuwa kila mmoja ana kazi yake. Sasa litazame friji hilo. Samaki wa nani wamelala humo? Dawa ya nani? Robert Merton, Mmarekani, akaongeza mwaka 1949 kwamba jambo huwa na kazi iliyokusudiwa na nyingine iliyojificha. Mnachanga ili taa ziwake, hiyo ndiyo iliyokusudiwa. Lakini uniti zikiisha saa nne usiku, mnatoka wote koridoni na tochi za simu. Inawezekana huo ndio wakati pekee ambapo vyumba sita vinaongea. Merton hakusahau kwamba jambo hilohilo linaweza pia kudhuru, na hapo unaruhusiwa kuyataja yale maneno ya mpaka asubuhi.

Hata hivyo, uamilifu una hatari yake. Ukiuzoea, utaanza kuona kila kilichopo kina sababu njema ya kuwepo. Hapo rudi kwenye migogoro, uulize nani anafaidika. Wewe umemwona mama wa barafu, na ni kweli, anatumia umeme zaidi yako kwa mchango uleule. Lakini mtazame aliye nje ya korido. Mwenye nyumba anapokea kodi sita na ameweka mita moja. Kuweka mita nyingine kungetoka mfukoni mwake. Ugomvi wenu haumgharimu hata senti. Ninyi mnaokosa ndio mnaotazamana kwa macho makali. Na mkiwa bado hapo, angalieni ni nani anayefagia uani na kwa zamu gani, mwanamke au mwanamume. Hilo nalo ni swali la nani ananufaika.

Mwingiliano wa kiishara unashuka chini kabisa, mpaka kwenye neno mnaloitana. George Herbert Mead, aliyefundisha Chicago hadi kufa kwake mwaka 1931, alieleza kwamba mtu hujijua kwa kujitazama kupitia macho ya wengine. Mwanafunzi wake Herbert Blumer ndiye aliyeupa mtazamo huo jina lake, mwaka 1937. Akasema tunatendea vitu kufuatana na maana tunayovipa. Mchango wa sawa kwako ni kuonewa. Kwa mzee wa chumba cha nyuma, mwenye taa moja kama wewe, huenda ni heshima: hapa hakuna mkubwa wala mdogo, sote tumetoa. Shilingi ni zilezile. Usipoijua maana hiyo, pendekezo lako la kuchanga kwa matumizi litamtukana bila wewe kukusudia.

Kwa hiyo sikuchagulii. Kila moja ni swali, na swali moja haliwezi kuulizwa kwa niaba ya jingine. Kama unataka kujua kwa nini mita ni moja, shika migogoro. Kama unataka kujua kwa nini hamjahama hata mmoja, shika uamilifu. Kama unataka kujua kwa nini mnanuniana, shika mwingiliano. Kisha mwandikie mhadhiri wako, hata aya moja, ni nini nadharia uliyochagua imeshindwa kukiona. Mimi ningekupa alama nyingi zaidi kwa aya hiyo kuliko kwa nyingine zote.

Ila kabla hujaandika, kaa jioni moja na mama wa barafu. Umwulize siku inampa shilingi ngapi, na friji alilinunuaje. Daftari liache chumbani.